Kutoka Kijazio hadi Kitambalio: Historia ya Maada za Kukuzia Mfupa na Tatizo la Jina Lake

Miongoni mwa dhana zilizoletwa mbele ya wakuza istilahi katika miaka ya karibuni ni ile ya kitu ambacho wataalamu wa tiba ya mifupa hukitengeneza kwa kuunganisha maada mbili au zaidi, kikawa na matundu mengi madogo ndani yake, kisha wakakipachika mahali ambapo mfupa wa mgonjwa umepotea kwa ajali au kwa maradhi, ili mfupa mpya uote na kupenya katika matundu hayo. Kiingereza kimeliazima jina la kitu hiki kutoka kwa waashi: ni neno lile lile la miti na mbao wanazosimama juu yake wanapojenga ukuta mrefu. Watafsiri wetu wamelifuata neno hilo kila mmoja kwa njia yake. Baadhi huandika kiunzi, baadhi jukwaa, na wengine hulikwepa tatizo kwa kuandika kipandikizi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hakuna hata moja kati ya maneno hayo matatu linalotosha, na kwamba sababu yake haionekani mpaka mtu aipitie historia ya kitu chenyewe, kwa kuwa kitu hiki kimebadilika tabia mara kadhaa, na kila badiliko lilidai jina lake.

Tuanze na mfupa. Mfupa umefanywa kwa maada za namna mbili zilizoshikamana. Kwa uzito, kiasi cha theluthi mbili ni madini ya kalsiamu na fosfeti, yaliyo jamii ya haidroksiapatiti. Sehemu iliyobaki ni maji pamoja na protini yenye nyuzinyuzi iitwayo kolajeni. Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani bila maabara yoyote. Mfupa wa paja la kuku ukilowekwa katika siki kwa siku kadhaa, siki huyala madini, na mfupa hubaki laini, ukapindika kama mpira. Mfupa wa pili ukichomwa motoni hadi ukawa mweupe, kolajeni huungua. Umbo hubaki lile lile, lakini mfupa hupukutika ukiguswa. Ugumu watoka kwenye madini, na uwezo wa kustahimili kishindo watoka kwenye nyuzi.

Basi maada inayotaka kuuiga mfupa nayo yapaswa kuwa ya namna mbili, na hapo yafaa lipatikane jina la jumla la maada za aina hiyo. Neno mchanganyiko limekwisha kutwaliwa na kemia ya shuleni, na maana yake ni pana mno: hata chumvi na mchanga ndani ya kopo ni mchanganyiko. Kampaundi nayo ni muungano ambao kila kilichoungana hupoteza tabia yake. Lakini katika mseto wa choroko na mchele, choroko hubaki choroko na mchele hubaki mchele, na hata hivyo mlaji hupata chakula kisichopatikana kwa kimojawapo peke yake. Hiyo ndiyo maana inayotakiwa. Kwa hiyo nitaandika maada mseto, na sidhani kwamba neno hilo litapata wapinzani wengi.

Tamaa ya kuziba pengo la mfupa ni ya kale. Mwaka 1668 kilichapishwa kitabu cha Job van Meekeren, mpasuaji wa Amsterdam, ambamo alisimulia habari za askari wa Urusi aliyezibwa tundu la fuvu kwa kipande cha fuvu la mbwa. Kwa mujibu wa masimulizi hayo kanisa lilimtenga askari huyo, naye alipoomba kipande kiondolewe ilionekana kwamba kimekwisha kushikamana na fuvu lake. Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka 1880, William Macewen wa Glasgow aliujenga upya mfupa wa mkono wa juu wa mtoto mmoja kwa vipande vilivyokatwa kutoka miguu ya watoto wenye matege waliokuwa wakinyooshwa. Hadi hapo tungali katika upandikizaji: mfupa watolewa kwa huyu ukawekwa kwa yule, au watolewa nyongani ukawekwa mguuni. Neno kipandikizi lafaa kabisa kwa kazi hiyo, na ndiyo inayofanyika hata leo katika hospitali nyingi. Upungufu wake wajulikana: nyonga haina mfupa wa kutoa bila kikomo, na mgonjwa hubaki na majeraha mawili badala ya moja.

Mwaka 1892 Heinrich Dreesmann wa Bonn alitangaza kwamba amejaza mashimo ya mifupa kwa plasta ya jasi, ile ile ambayo watu wa mitaani huiita hogo inapozungushiwa mguu uliovunjika. Mwaka 1920 Fred Albee wa New York naye alitoa matokeo ya majaribio ya fosfeti ya kalsiamu katika mifupa ya wanyama. Vitu hivi havikuwa mfupa, wala havikuotolewa katika mwili wa mtu; vilikuwa ni vijazio, kama vile fundi anavyoziba ufa wa ukuta. Plasta ina kasoro moja ambayo tutairudia: huyeyuka mwilini katika muda wa majuma machache, kabla mfupa haujawahi kuifuata, na pengo likabaki pengo.

Kati ya majaribio hayo mawili kulitokea jambo ambalo kwa mkuza istilahi ni kubwa kuliko yote mawili. Wataalamu wa Ujerumani, tangu miaka ya 1890, walikuwa wakichunguza kinachoupata mfupa uliopandikizwa. Waliona kwamba aghalabu kipande hicho hufa, lakini kifo chake hakikatishi kazi. Seli za mwenye mwili huingia kutoka kingoni, hukila kile kipande kilichokufa kidogo kidogo, na nyuma yake huacha mfupa hai. Mwaka 1914 Dallas Phemister wa Chicago aliyaeleza mambo hayo kwa Kiingereza, na jina lililobaki vitabuni, la Kijerumani na la Kiingereza pia, limejengwa juu ya kitenzi cha kutambaa. Mfupa mpya hutambaa juu ya ule wa zamani na kuchukua mahali pake. Naomba ndugu msomaji akihifadhi kitenzi hicho mpaka mwisho wa makala.

Kutoka hapo swali lilibadilika. Ikiwa kipandikizi kilichokufa kina faida kwa kuwa mfupa hai hupata njia juu yake, je, yawezekana kutengeneza njia peke yake? Marshall Urist wa Los Angeles alionyesha mwaka 1965 kwamba kuna jambo jingine pia, kwani mfupa ulioondolewa madini, ukitiwa ndani ya misuli ya mnyama, waweza kuzichochea seli za hapo hata ukaota mfupa mahali pasipo mfupa. Twapaswa basi kutenganisha kuongoza na kuchochea, na watafsiri wasiyatumie maneno haya mawili ovyo. Lakini habari yetu ni ya kuongoza, na kwa kuongoza mwalimu mkubwa alipatikana baharini.

Msomaji wa pwani huenda akatabasamu hapa. Mwaka 1972 watafiti watatu wa Marekani, Rodney White, Jon Weber na Eugene White, waliandika kwamba mifupa ya matumbawe, yaani ile nyumba ngumu ya chokaa ambayo vijidudu vya matumbawe hujijengea, ina matundu ya ukubwa unaolingana, na kwamba matundu hayo yote hupitana. Jamii waliyovutiwa nayo ni Porites. Sasa, wachunguzi wa mambo ya kale walipoyaangalia mawe yaliyochongwa ya Kilwa na Gedi, yale ya mihrabu na ya vizingiti, waliona kwamba mafundi wa pwani hawakutumia jiwe lolote tu. Kuta walizijenga kwa jiwe la matumbawe lililochimbwa nchi kavu, lakini kwa kuchonga walizamia na kukata Porites ikiwa mbichi, maana ikiwa na maji hukatika kwa urahisi, na ikipigwa na hewa huwa ngumu. Mafundi wale walitafuta maada yenye matundu sawasawa isiyopasuka chini ya patasi. Maprofesa wa Pennsylvania walitafuta maada yenye matundu sawasawa itakayopitisha mfupa. Wote waliishia kwenye kiumbe kimoja.

Chokaa ya matumbawe yenyewe huyeyuka upesi mwilini. Kwa sababu hiyo Della Roy na mwenzake walitangaza mwaka 1974 njia ya kuipika katika maji yenye fosfeti, chini ya joto na mgandamizo mkubwa, hata chokaa ikageuka haidroksiapatiti na matundu yakabaki kama yalivyokuwa. Mwaka 1992 maada iliyotengenezwa kwa njia hiyo iliruhusiwa kutumika kwa wagonjwa wa Marekani. (Kwa walimu: wanafunzi wasije wakadhani kwamba kipande cha mwamba wa Oysterbay chaweza kutiwa kwenye jeraha. Kati ya mwamba na dawa pana kiwanda kizima.)

Matumbawe yaliwafundisha wataalamu kuyaangalia matundu yenyewe. Samuel Hulbert na wenzake, katika majaribio waliyoyachapisha kuanzia mwaka 1970, waliona kwamba mfupa hauingii ndani ya kauri yenye matundu ikiwa vipenyo vya njia zake havifiki kiasi cha mikromita 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Njia ikiwa nyembamba zaidi, kinachoingia ni nyama laini tu. Mapitio ya mwaka 2005 yalipendekeza mikromita 300 na zaidi, ili mishipa ya damu nayo ipate nafasi, kwa kuwa mfupa usio na damu haukui.

Kwa mtafsiri, hapa pana mitego miwili. Wengi hutumia vinyweleo. Neno hilo ni zuri kwa ngozi, lakini kinyweleo ni kishimo kinachoanzia juu na kuishia ndani, hakifunguki upande wa pili. Maada yaweza kuwa imejaa vishimo vya namna hiyo na isipitishe kitu. Lipo sega la nyuki na lipo dodoki: vyote viwili ni vitundu vitupu, lakini asali hukaa katika sega bila kuvuja kutoka chumba hadi chumba, ilhali maji hulipitia dodoki kutoka huku hadi huku. Mfupa wataka dodoki. Kwa hiyo naona yafaa kusema matundu, na penye haja kusema matundu yanayopitana. Mtego wa pili ni nomino ya sifa hiyo. Asiwepo mtu wa kuunda utundu, maana tutakuwa tumesema kwamba maada ni tukutu, na darasa zima litacheka kwa haki. Kiasi cha matundu ni maneno matatu, lakini hayachekeshi.

Matundu yana gharama yake. Kila yanapoongezeka, nguvu hupungua, jambo ambalo mfupa wenyewe washuhudia: ule mgumu wa nje huhimili mgandamizo zaidi ya mara kumi ya ule wa ndani ulio kama sifongo. Kauri yenye matundu mengi huvunjika kama kigae. Polima, yaani maada za jamii ya plastiki, hazivunjiki kirahisi, lakini ni laini mno na mfupa hauzipendi. Ndipo wataalamu walipourudia mseto.

Hatua zilikuwa nyingi, nami nitataja chache. Larry Hench wa Florida, kama alivyosimulia mwenyewe, aliulizwa na kanali mmoja wa jeshi mwaka 1967, walipokuwa wamepanda basi moja, kama aweza kutengeneza maada ambayo mwili hautaikataa. Miaka miwili baadaye alikuwa na kioo chenye silika asilimia 45 ambacho mfupa hushikamana nacho. Mwaka 1981 William Bonfield na wenzake wa London walieleza mseto wa haidroksiapatiti ndani ya polithini, uliokuja kutumika katika vifupa vya sikio. Huo ulikuwa mseto wa kweli, lakini haukuwa na matundu wala haukuyeyuka. Ulikaa.

Wazo la kitu kisichokaa lilitiwa nguvu mwaka 1993, Robert Langer na Joseph Vacanti walipoandika juu ya fani waliyoiita uhandisi wa tishu: seli za mgonjwa hupandwa juu ya maada yenye matundu, hukua, na maada huondoka. Katika miaka hiyo hiyo Antonios Mikos na wenzake walitumia njia ambayo mpishi yeyote ataielewa. Polima iliyoyeyushwa humiminwa juu ya punje za chumvi. Ikishaganda, chumvi huoshwa kwa maji, na kila punje huacha tundu la ukubwa wake. Mwaka 1999 Ruiyun Zhang na Peter Ma wa Michigan waliitia haidroksiapatiti ndani ya polima ya asidi ya laktiki, wakagandisha na kukausha, wakapata maada mseto ambayo zaidi ya asilimia 90 yake ni nafasi tupu, lakini ngumu kuliko polima peke yake. Mseto huu una faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Polima hiyo ikivunjikavunjika hutoa asidi, nayo huzichoma seli za jirani. Madini ya kalsiamu huizimua asidi hiyo yanapoyeyuka.

Kazi ngumu iliyobaki ni ya saa. Kitu kikiondoka upesi, ni kile kisa cha plasta ya Dreesmann. Kisipoondoka, kuna kisa kingine. Mwaka 2001 madaktari wa Italia walitangaza habari za wagonjwa watatu waliokuwa na mapengo ya sentimita 4 na zaidi katika mifupa mirefu, ambao walitiwa kauri ya haidroksiapatiti yenye matundu pamoja na seli zilizotoka katika uboho wao wenyewe. Mapengo yalizibika, na wagonjwa wakavitumia tena viungo vyao. Lakini haidroksiapatiti tupu ni nzito kuyeyuka, hata kauri ikabaki mle ndani pamoja na mfupa. Mwenye kusema kwamba njia imetimiza kazi atasema kweli, na mwenye kusema kwamba haikuondoka kama ilivyotarajiwa naye atasema kweli.

Turudi sasa kwenye majina. Fomu moja ya ridhaa ya mgonjwa, iliyofasiriwa na mtu mwenye elimu nzuri, iliwahi kufika mezani kwetu kuhakikiwa. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: kiunzi cha mifupa yako kitayeyuka taratibu baada ya upasuaji. Mfasiri alikuwa amelichukua neno kiunzi kwa uaminifu mkubwa. Alichosahau ni kwamba kila mtoto aliyesoma sayansi ya shule ya msingi ajua kiunzi cha mifupa ni kitu gani: ni jumla ya mifupa yote ya mwili, tangu fuvu hadi vidole vya miguu. Mgonjwa mwenye akili timamu asingetia sahihi. Na kama angetia, ridhaa yake ingekuwa ya jambo ambalo hakuambiwa. Mtu hawezi kujitetea kwamba muktadha utafafanua, kwa maana muktadha wenyewe ni wa mifupa, na ndio unaolipotosha neno.

Jukwaa lina sifa moja njema: la waashi huondolewa nyumba ikisimama. Lakini jukwaa husimama nje ya ukuta, na wanaolipanda ni wajenzi, ilhali kitu chetu kiko ndani ya ukuta, na ukuta wenyewe ndio unaopita ndani yake. Zaidi ya hayo, siasa na muziki vimekwisha kulichosha neno hili. Kipandikizi, kama tulivyoona, ni jina la mfupa uliohamishwa, na likipewa kazi ya pili tutapoteza tofauti ambayo daktari anaihitaji kila siku. Kijazio nacho kihifadhiwe kwa vile visivyoahidi ila kuziba.

Pendekezo langu ni kitambalio, kutokana na kutambalia: kitu ambacho kingine hutambaa juu yake na kukipitia. Halikutoka katika Kiingereza cha waashi. Limetoka katika maelezo ya wale waliokiona kitendo chenyewe zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mkulima wa mtambuu au wa pilipili manga aliyeusimika mche wake kando ya mti atalielewa kabla hajaelezwa. Tutasema basi kitambalio cha mfupa, kitambalio chenye matundu yanayopitana, na uhandisi wa tishu za mfupa kwa kutumia vitambalio vya maada mseto. Ni kirefu, lakini kila neno lina kazi yake. Yapo malalamiko, nami nimeyasikia, kwamba neno hili lakaribiana mno na kitambaa. Lakini kitambo nacho chakaribiana na kitambi, na hakuna aliyewahi kuyakosea dukani.

Kuhusu kuondoka kwake, nawasihi watafsiri waliache neno kuoza. Ni kweli kwamba twasema mifuko inayooza ardhini, na kwa kikemia huenda tendo likafanana, lakini kwa mgonjwa mwenye kidonda kuoza kuna maana moja tu, nayo ni ya kukatwa mguu. Kuyeyuka kwafaa kwa plasta na kwa chumvi. Kwa kitambalio kinachokwisha polepole huku mfupa ukichukua mahali pake naona bora kumumunyika, ambalo lina ule utaratibu wa peremende mdomoni, na ambalo tayari lina ndugu yake, mmumunyo, katika kemia.

Lipo jambo moja ambalo orodha yetu bado haijalijaza. Kile kijiti ambacho mkulima humchomekea mharagwe au kiazi kikuu ili upande juu yake hakika kina majina katika lahaja za Pemba, Unguja, Mrima na kwingineko. Iwapo mojawapo ni fupi na lajulikana na watu wengi, litakuwa mshindani wa haki wa kitambalio. Wasomaji wanaolijua waliandike pamoja na mahali linapotumika, na walipeleke Barazani kabla kamati ya istilahi za tiba haijakutana.